Alama Tatu Kwenye Kufuli

Mke wa mlinzi alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kituo kabla ofisi hazijafunguliwa, mfuko wenye shati safi magotini. Hakuwa analia. Machozi aliyamaliza wiki ya kwanza, na sasa ilikuwa wiki ya tatu. Alichobaki nacho ni kuja na shati kila asubuhi, kumwamkia kila mwenye magwanda anayepita, na kuuliza swali lilelile mpaka askari wa zamu wakaanza kujifanya wana haraka.

"Shikamoo, afande. Kesho mnampeleka kwa hakimu kweli?"

"Marahaba. Kesho saa tatu," Inspekta alijibu.

"Na mtasema yeye ndiye aliyemfungia yule mama ndani."

"Tutasema yaliyo kwenye faili, mama."

"Mume wangu husahau vitu vingi. Husahau kuleta sukari, husahau hata jina la shemeji yake. Mlango hasahau. Miaka kumi na moja kazi yake ni mlango tu, afande."

Inspekta alimpa pole, akaingia ndani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwendo na mwepesi wa jicho, na pole hakuwa akizigawa ovyo. Hii ya leo aliitoa kwa shida, kwa sababu faili lililokuwa linakwenda kwa hakimu lilikuwa na saini yake chini.

Kesi ilikuwa imenyooka kuliko alivyopenda kesi zinyooke. Karakana ya kushona sare iliungua mchana kweupe. Moto ulianzia stoo ya vitambaa saa nne na dakika ishirini, na washonaji wakakimbilia mlango wa mbele, uliokuwa karibu na mashine zao. Mmoja wao hakupona. Huyo ni mama mtu mzima aliyekuwa akishona vifungo, ambaye wenzake walimwita Mama Vifungo, na mwili wake ulikutwa nyuma ya mlango wa uani, hatua moja tu kutoka kwenye hewa. Moshi ndio uliomuua. Mlango huo ulikuwa umebanwa kwa kufuli upande wa nje. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwenye shada la funguo la mlinzi.

Mlinzi alikuwa na maneno yake, na kwa wiki tatu hakuyabadilisha hata nukta. Alisema moto ulipoanza tu alizunguka uani, akafungua kufuli, akalegeza komeo, akaliacha kufuli likining'inia wazi kwenye pete yake. Akapiga kelele kuwaambia walio ndani kwamba mlango wa uani uko wazi, kisha akakimbilia mbele kubeba maji. Hakuna aliyetoka kwa mlango huo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtetea. Mpiga pasi wa karakana aliapa kuwa alizisikia kelele zake. Ila mpiga pasi huyohuyo aliapa pia kwamba alimwona Mama Vifungo akiwa hai nje barabarani, na Koplo aliyemwandika maelezo akaongeza pembeni: shahidi amechanganyikiwa.

Halafu kulikuwa na ile picha. Siku ya moto wanafunzi wa chuo, wanaosomea upigaji picha za habari, walikuwa wametawanyika mtaa ule kwa zoezi la maisha ya kila siku. Mmoja wao alifika uani kabla ya polisi na kabla ya zimamoto. Gazeti liliichapa picha yake ukurasa wa kwanza, kubwa kama meza: mlango wa mbao, moshi ukitambaa chini yake, na katikati kufuli limebanwa kisawasawa. Mji mzima ulimhukumu mlinzi siku hiyohiyo, na polisi nao wakafuata mkumbo.

Koplo aliikata picha hiyo akaibandika ukutani juu ya birika la chai. Kila asubuhi Inspekta aliitazama wakati akikoroga sukari. Asubuhi hii kijiko kilisimama.

"Koplo, hebu njoo. Hivi vidoa vyeupe kwenye kufuli ni nini?"

Koplo alisogeza pua. "Ni uchapaji, afande. Gazeti hili hata waziri humtoa na ndui."

"Kwingine kote hakuna doa. Ni hapa tu. Viwili upande huu, kimoja upande huu."

Alikwenda kwenye kabati la vielelezo, akalitoa kufuli lenyewe katika mfuko wake wa plastiki, akaliweka mezani. Lilikuwa limefunikwa na masizi pande zote, jeusi tii, bila doa wala alama. Koplo aliangalia kufuli, akaangalia gazeti, akaacha mzaha.

"Vidole," alisema. "Viwili na gumba."

"Vidole vilivyoshika masizi yakiwa yameshatua. Halafu moshi ukaendelea kutoka, ukavifunika. Tulipofika sisi, saa tano na dakika kumi, hapakuwa na cha kuona." Inspekta alisukuma chai yake pembeni. "Mlinzi kama alilifunga, alilifunga kabla moshi haujafika uani. Huyu ni mtu mwingine, au ni mlinzi aliyerudi. Nataka picha yenyewe, si gazeti."

*

Chumba cha picha cha chuo kilikuwa mwisho wa korido, mkabala na stoo ya viti vibovu. Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu alfajiri, na ndani taa mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa. Kamera zilipangwa kabatini, kila moja na namba yake ya rangi nyekundu. Kulikuwa na kompyuta sita, saa kubwa ya ukutani, na harufu ya makoti yaliyoloa. Kwenye korido, ndani ya fremu yenye kioo, ile picha ya kufuli ilikuwa imetundikwa peke yake.

Mwalimu aliwapokea akiwa na funguo mkononi. Alikuwa amefanya kazi magazetini miaka thelathini, na bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia kwa ajili ya kubeba mkoba wa kamera.

"Kadi zote za kamera za siku ile ninazo," alisema. "Nilizihifadhi kama zilivyorudi. Wanafunzi wangu hunichukia kwa mambo mawili, Inspekta. La kwanza, picha ya kwanza ya kila mtu lazima iwe ile saa pale juu. Kamera hizi ni chakavu, saa zake kila moja ina wazimu wake. Nikiiona saa ya ukutani ndani ya picha najua kamera inakosea dakika ngapi, nasawazisha."

"Kwa hiyo naweza kuamini muda wa kila picha?"

"Kama unavyoamini ile saa. Na la pili, hakuna kufuta. Kadi inarudi na uchafu wake wote. Namba za picha hufuatana, kwa hiyo mtu akifuta naliona pengo."

"Kuna aliyefuta?"

Mwalimu alikuna kidevu. "Yuko mmoja. Bado sijamsema."

Aliyekuwa na pengo alikuwa kijana mwembamba ambaye darasa zima lilimwita Mrefu, kwa sababu zilizoonekana hata akiwa ameketi. Kadi yake ilikuwa na picha za barabara ya mbele: fundi viatu, mama anayesuka nywele, kisha moshi, kisha watu wanakimbia. Kutoka namba arobaini na mbili iliruka hadi arobaini na saba. Picha nne hazikuwepo, zote za dakika chache kabla ya moto. Kijana alipoitwa, Koplo alivuta kiti karibu naye, akakaa mkao wa kula.

"Umefuta nini, kijana?"

"Picha tu, afande."

"Picha za nini?"

"Za maisha ya kila siku."

"Kuna mtu yuko mahabusu wiki ya tatu. Usituzungushe. Ulimpiga nani?"

Mrefu alimeza mate, akamtazama Mwalimu, akaona hapati msaada huko. "Ni dada mmoja anauza vocha pale kona. Nilimpiga mara nne. Halafu nikaona Mwalimu ataniuliza habari iko wapi hapo."

"Na habari iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Bado hajanijibu, afande."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta aliuliza jina la duka lililo karibu na kona hiyo, akaandika, akamwambia Koplo akapige simu. Baada ya dakika tano ilithibitika kwamba dada wa vocha yupo, kijana mrefu mwenye kamera anamfahamu, na anamwona msumbufu. Pengo la kadi likaishia hapo.

Lakini kadi ya Mrefu haikuwa ya bure. Kijana alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kupiga kila kilichosogea, na kilichosogea zaidi kuliko vyote alikuwa mlinzi. Saa nne na dakika thelathini na saba, mlinzi na ndoo. Thelathini na nane, ndoo nyingine. Arobaini, amejimwagia maji mwenyewe na kofia imemtoka. Arobaini na mbili, anamvuta mtu kwa mkono kumtoa karibu na dirisha.

"Kutoka mbele mpaka uani ni mwendo gani?" Inspekta alimuuliza Koplo.

"Lazima uzunguke jengo la jirani. Nilipima mwenyewe kwa miguu. Dakika nne kwenda, ukikimbia mbili na nusu."

"Na picha ya kufuli ilipigwa saa ngapi?"

Mwalimu alishaifungua. "Saa nne na dakika arobaini na moja."

Picha ilijaa kwenye kioo cha kompyuta, na humu ndani haikuwa na ndui. Inspekta aliomba ikuzwe, ikakuzwa, ikakuzwa tena. Masizi yalikuwa yamelala juu ya kufuli kama unga, na juu yake palikuwa na alama tatu zilizopanguswa hadi chuma kikaonekana. Kingo zake zilikuwa kali. Hakuna moshi uliokuwa umepata muda wa kuzigusa.

"Ripoti ya zimamoto inasema moshi ulianza kutoka uani kama saa nne na nusu," Inspekta alisema. "Aliyeshika hapa alishika baada ya hapo. Tena si dakika nyingi kabla ya picha. Wakati huo mlinzi yuko mbele na ndoo." Alimgeukia Mwalimu. "Nionyeshe picha iliyotangulia hii. Huyu binti aliyeipiga naye ana pengo?"

"Jicho? Hana hata moja." Sauti ya Mwalimu ilikuwa na fahari. "Huyo ndiye mwanafunzi wangu msikivu kuliko wote. Hii ni namba mia moja na kumi na tisa. Mia moja na kumi na nane ni hii hapa."

Ilikuwa picha ya kawaida, iliyopigwa kutoka mwanzo wa uchochoro. Ukuta mrefu, mfereji, paka juu ya pipa, na kule mwisho mlango mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Saa nne na dakika thelathini na tisa. Hakuna binadamu.

"Kuza mlango."

Mwalimu alikuza. Picha ilivunjikavunjika kidogo, lakini haikudanganya. Komeo lilikuwa limelegezwa na kulala upande wa ukutani. Kufuli lilining'inia kwenye pete yake likiwa limeachama.

Mvua ilisikika kwenye bati la stoo.

"Uliziangalia picha hizi, Mwalimu?" Inspekta aliuliza.

"Niliangalia ile nzuri." Mwalimu alikaa chini bila kutafuta kiti, ikawa bahati yake kwamba kilikuwepo. "Hizi nyingine nilizihesabu tu."

"Zilitimia."

"Zilitimia zote," alisema Mwalimu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba anajisomea mwenyewe: "Mpiga picha hagusi kitu. Ndilo neno langu la siku ya kwanza, kila mwaka. Kiatu ukikikuta kimepinduka, unakiacha kimepinduka."

*

Jicho aliingia akiwa ametoka gazetini, ambako walimpa nafasi ya mafunzo kwa sababu ya picha ile. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, nywele amezikata fupi, mkanda wa kamera shingoni na beji mpya ya gazeti kifuani. Aliwaamkia wote kwa heshima, mmoja mmoja. Inspekta alimtaka aketi, na akamwambia Koplo asogee kwenye kompyuta ya pembeni aendelee na kadi ya Mrefu.

"Mfuate mlinzi mpaka picha ya mwisho. Nataka kila dakika yake, wakili wa serikali asipate pa kuchomekea kidole."

Kisha akamgeukia msichana. Hakuwa na haraka.

"Picha yako imekufikisha mbali, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Mama yangu ameibandika sebuleni. Kila mgeni lazima asimamishwe pale."

"Niambie ulivyoipiga."

Alieleza vizuri, alikuwa ameshaieleza mara nyingi. Wenzake wote walikimbilia mbele. Yeye alifikiri kwamba mbele kila mtu atapata picha moja, akazunguka uani. Akaona mlango, akaona kufuli, akapiga.

"Ulilikuta limefungwa?"

"Nililikuta hivyohivyo, mama."

"Hukuligusa?"

"Haturuhusiwi kugusa kitu."

Inspekta aligeuza kioo cha kompyuta. Kwanza alimwonyesha zile alama tatu. Jicho alizitazama bila kupepesa. Kisha akamwonyesha namba mia moja na kumi na nane, mlango ukiwa umekuzwa. Msichana alimtafuta Mwalimu kwa macho, na Mwalimu alikuwa anaitazama sakafu.

"Ungeifuta tu hii," Inspekta alisema taratibu. "Nani angejua?"

"Haturuhusiwi kufuta," Jicho alisema, na hapo sauti ikamkatika.

Walimwacha alie. Koplo peke yake ndiye aliyeendelea kubofya, picha moja baada ya nyingine.

"Kufuli lililo wazi halisemi kitu," Jicho alianza tena, akijifuta kwa kiganja. "Nilipokaribia niliona, nikasema kumbe mlango uko wazi tu, hakuna habari. Halafu nikafikiri, zile karakana mbili za mwaka jana walifungiwa kweli. Wanafungiwa kila mahali, mama, kila mtu anajua. Nikaona si uongo mkubwa. Nikarudisha komeo, nikapachika kufuli. Nilitaka likae tu kwenye pete, lionekane kama limefungwa. Likanata, nikalisukuma kidogo kwa gumba. Likalia ta."

"Likajifunga."

"Likajifunga. Nikapiga picha moja. Nikashika kulifungua, halifunguki. Sikujua kwamba litataka ufunguo. Yaani nilijua, nani asiyejua, ila sikuwa nimefikiria."

"Ukafanyaje?"

"Nikalivuta tena. Nikatafuta jiwe, sikuona. Moshi ukawa unaniingia machoni."

"Hukwenda kumwambia mtu?"

"Kule mbele walikuwa wanasema wote wametoka. Niliwauliza! Niliuliza watu wawili, wote walisema wametoka wote. Nikasema basi, ni mlango wa nyumba isiyo na mtu." Alimshika Inspekta mkono wa koti bila kujua. "Kesho yake niliposikia yuko mama amekufa, nikasema huyo alikuwa ameshakufa kabla sijafika. Si ndivyo? Moshi ulianza saa nne na ishirini. Mimi nimefika karibu saa nne na arobaini. Alikuwa kimya, mama. Ningesikia mtu anagonga ningevunja kwa meno yangu."

Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi, na mengi yalimfanya atamani kunawa mikono. Hili lilimwumiza tu. Alimwona msichana mbele yake, akamwona na yule mwanamke kwenye benchi.

"Kwa nini hukusema walipomkamata mlinzi?"

"Nilisema watamwachia. Kila siku nilisema kesho watamwachia. Halafu picha ikawa kubwa."

"Ilikuwa kubwa kuliko mtu?"

Inspekta alivuta karatasi za maelezo, akaandika tarehe na saa juu, akamwambia Mwalimu ashuhudie. Kisha akaandika aliyoyasikia, kwa maneno ya msichana mwenyewe, bila kuyatia chumvi wala kuyapunguza makali, na kila ukurasa Jicho akatia saini kwa mwandiko safi wa mtu aliyefundishwa kuandika maelezo ya picha.

"Atatoka, si ndiyo?" aliuliza alipoweka kalamu chini. "Yule mlinzi."

"Nitampigia wakili wa serikali kutoka hapahapa. Kesho hatusimami dhidi yake."

Msichana alishusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza mabega yake yakatulia. "Nashukuru. Mimi nifanyeni chochote. Chuo wanifukuze, gazeti wanifukuze. Maadamu yule mama hakudhurika kwa mkono wangu, nitavumilia."

Inspekta alikuwa ameshachukua simu alipoona kwamba kubofya kumekoma.

"Afande," Koplo alisema. Hakugeuka. "Hebu njoo hapa."

Kwenye kompyuta ya Koplo ilikuwa picha ya wanawake wa karakana, wamesimama kwa makundi ng'ambo ya barabara. Mrefu aliipiga kwa ajili ya sura zao, na zilikuwa sura za kutazama mara mbili. Wengine walikuwa wameshika tama, mmoja amemkumbatia mwenzake. Mwishoni mwa mstari alisimama mama mtu mzima mwenye aproni iliyoshonewa vifungo kifuani, safu nzima, hakuna kinachofanana na mwenzake. Inspekta aliijua aproni ile. Alikuwa ameiona mochwari.

Mama yule alikuwa amekunja uso, macho yamefinywa kama ya mtu anayejaribu kusoma bango la mbali, na mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa ndani ya mfuko wa aproni.

"Soma muda," Inspekta alisema.

"Saa nne na dakika arobaini na tisa." Koplo alibofya. Picha iliyofuata ilikuwa ya sekunde hamsini baadaye. Makundi yalikuwa yaleyale, na mwisho wa mstari hapakuwa na mtu. "Mpiga pasi aliniambia. Aliniambia wazi kabisa, alimwona nje, afande, na mimi nikaandika amechanganyikiwa."

"Moto ulikuwa bado kwenye stoo," Inspekta alisema, na sasa alikuwa anaongea polepole, akipanga dakika kama mtu anayepanga vyombo kabatini. "Mlango wa mbele ulipitika. Dari la mbele liliporomoka saa nne na hamsini na tano, zimamoto wameandika. Aliingia kabla. Dari likamkatia njia."

Hakumsikia Jicho akiinuka. Msichana alikuwa nyuma yao, macho kwenye pembe ya chini ya picha, pale muda ulipoandikwa. Alikuwa amefundishwa kutazama pale kwanza.

"Hiyo kamera saa yake si nzima," alisema. "Mwalimu, kamera ya Mrefu haiko sawa. Mwaka mzima haiko sawa, wewe mwenyewe unasema."

Mwalimu alinyanyuka. Alipita katikati yao, akairudisha kadi ya Mrefu mpaka picha yake ya kwanza. Ilikuwa saa ya ukutani ya chumba hichohicho, imepigwa kwa pembe mbaya, na mshale wa dakika unasomeka. Mwalimu aliitazama, akatazama tarakimu za kamera, akajumlisha kwenye kiganja.

"Nilishaisawazisha," alisema. "Ni arobaini na tisa."

Jicho alihesabu kwa midomo. Walimwona akihesabu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia. Yeye alipiga saa nne na arobaini na moja.

"Alikuwa hai," alisema.

"Alikuwa hai," Inspekta alisema.

"Alirudi kufuata nini?"

"Miwani. Tulimkuta nayo mkononi. Tulidhani ndiyo iliyomchelewesha kutoka."

Msichana aliitikia kwa kichwa, mara moja, kwa adabu, kama anayepewa maelekezo ya njia. Nje kengele ya kipindi iligongwa na korido ikajaa miguu na vicheko. Alisubiri vipungue.

"Kule mbele kulikuwa kunaungua," alisema. "Aliingiaje ndani ya moto? Alitegemea kutokea wapi?"

Inspekta alikuwa na jibu, na angetoa mshahara wa mwezi asiwe nalo.

"Uani, mwanangu. Mlinzi alikuwa amewaambia uko wazi."